Barua kwa mwanangu: nguo na chambo za kuvulia besi Oktoba

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakusalimu sana. Umesema wenzako watakuchukua mwishoni mwa Oktoba kuvua besi, yule samaki wa majini baridi (bass), katika ziwa la Kentucky Lake huko Marekani, ukauliza ubebe nini. Naanza na nguo, kwa sababu anayetetemeka havui. Atarusha ovyo, atavuta mbio, na saa tatu asubuhi atakuwa anaulizia gari.

Naivasha, ambako besi alipandikizwa miaka ya 1920, joto la maji halibadiliki sana mwaka mzima. Huko uliko, alfajiri ya Oktoba inaweza kuwa nyuzijoto 7 na saa nane mchana ikafika 20. Tena boti ikikimbia kilomita 60 kwa saa, hizo nyuzijoto 7 ngozi inazihisi kama 1. Vaa kwa ajili ya upepo wa boti, usidanganywe na jua la mchana.

Jinzi na fulana ya pamba ziache bwenini. Pamba hunyonya jasho na manyunyu, haikauki, kisha inakupoza mwilini kutwa nzima. Nguo ya ndani iwe polyesta nyembamba au sufu laini inayoshika mwili. Juu yake sweta la sufu. Maduka ya mitumba ya huko yanayauza kwa bei ya kutupa, na sufu hukupa joto hata ikilowa. Ya tatu ni suti ya mvua: koti lenye kofia, na suruali ya kufika kifuani yenye mikanda mabegani, maana ukiinama kumtoa samaki koti hupanda na kiuno kinabaki wazi. Kabla hujalipa, geuza koti ndani nje. Kila mshono uwe umebandikwa utepe. Usipouona, maji yatapenya palepale sindano ilipopita. Wakati wa kushusha boti majini usiwe umevaa zote, utatoka jasho na upepo utakuja kulidai.

Viatu vya mpira chukua vikubwa kwa namba moja, vidole vipate kucheza ndani ya soksi nene. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu unakufa ganzi hata ukivaa soksi tatu. Jaketi la kuokolea maisha, kama ni la kujijaza hewa, livaliwe juu ya koti. Likijijaza chini ya koti litakukaba kifua. Na lisivuliwe, hata kama wenzako wamevua yao: maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15 humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na pumzi hiyo ikimkuta kichwa kiko chini ya maji, kuogelea hakumsaidii.

Sasa chambo. Usinunue sanduku zima, soma joto la maji kwanza. Kipimo cha boti kitasoma Fahrenheit: 65 ni kama nyuzijoto 18, na 50 ni 10.

Besi wa majira haya anafuata shadi, samaki wadogo weupe, jamaa wa dagaa wa Tanganyika. Maji yakianza kupoa, shadi huingia kwenye vihori, yaani vighuba vya ziwa, na besi huwafuata. Kati ya 75 na 60 tumia chambo cha kasi. Ninachokipenda kuliko vyote ni cha mbao au plastiki chenye mdomo wa mraba, kinachozama mita moja hadi moja na nusu. Kivute kikagonge visiki na mawe, maana besi hukirukia pale kinapogonga na kuyumba. Ukivuta mahali hakigusi kitu, unafanya mazoezi ya mkono tu. Cha pili ni cha waya chenye mabapa yanayozunguka, nusu wakia, yaani gramu 14. Maji yakiwa safi, chukua mabapa membamba na rangi nyeupe. Yakichafuka, bapa la mviringo linalotetemesha maji, na rangi ya manjano-kijani. Urefu wa chambo uwe kama wa shadi unaowaona wakiruka, sentimita 5 hadi 8.

Chini ya 55 punguza mwendo. Chambo chembamba kinachoelea katikati ya maji kishtue mara mbili, kisha kiache sekunde 5 mpaka 10. Wengi hushindwa hapo, hawawezi kutulia. Au jigi, ndoana yenye kichwa kizito, ya kahawia ya gramu 10, iburute polepole chini kwenye kingo zenye mteremko mkali.

Ziwa lile hushushwa kila mwaka, kutoka futi 359 juu ya usawa wa bahari kiangazi hadi 354 wakati wa baridi. Kwa hiyo kichaka kilichokuwa na samaki Agosti huenda kiko nchi kavu. Tafuta ukingo wa mfereji ulio karibu nacho.

Chambo chenye mdomo kikija kwako kinaenda upande kushoto, kishike pua ikuelekee, ukunje kwa koleo kile kipete cha kufungia mshipi kidogo tu kuelekea kulia. Kidogo kweli, kiasi cha kutoonekana, kisha jaribu tena. Ukikunja sana kipete kitalegea na chambo kimekwisha. Ncha ya ndoana ipitishe juu ya ukucha: ikikwama ni kali, ikiteleza itie tupa au ibadilishe. Mshipi wa florokaboni, aina ya plastiki, wenye nguvu ya pauni 12 unatosha. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, likikazwa kavu mshipi huungua na utakatikia hapo hapo.

Leseni ya Kentucky huanza Machi 1 na kuisha mwisho wa Februari, angalia tarehe ya yako. Na ukirudi bwenini liache sanduku wazi usiku kucha, maana chambo kimoja kilicholoa hutia kutu ndoana zote.

Baba yako