Malalamiko: mgeni mwingine kufungua chumba changu usiku

Meneja Mkuu,
Raskazone, Tanga.

YAH: KADI YA MLANGO, CHUMBA NAMBA 214

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki iliyopita nilikuja Tanga kwa shughuli za mkonge, nikafikia hotelini kwenu. Jumanne jioni nilirudi kutoka mjini, nikagusisha kadi mlangoni, ikawaka taa nyekundu. Kijana wenu wa mapokezi, macho yake kwenye kompyuta, akaniambia, "Mama, umeiweka pamoja na simu, imeungua." Akanitengenezea nyingine, nikapanda kulala.

Saa tano usiku, nimejifunga khanga, mlango ukafunguka. Mwanamume na begi begani, kadi mkononi, ameganda kizingitini. Maskini, alitahayari kuliko mimi. Ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi, na bahasha ya kadi yake imeandikwa 214 kwa mwandiko uleule wa bahasha yangu. Komeo la ndani la chumba hicho, kama fundi wenu anavyojua, halishiki.

Asubuhi nikaambiwa mtandao ulisumbua. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia, maana mpwa wangu anafunga vitasa hivi Dar es Salaam na hamnidanganyi.

Kitasa kama chenu hakihitaji intaneti. Kinaendeshwa na betri ndogo zilizo ndani yake, na kadi ndiyo inayobeba taarifa: chumba gani, mwisho wa kukaa lini. Kadi za kufutwa na sumaku ya simu ni zile za zamani za ukanda mweusi, unaipitisha kwenye mfereji. Za kwenu ni za kugusisha, zinasomwa kwa mawimbi ya redio, simu haiziunguzi.

Kwa hiyo kadi yangu ilikataa kwa nini? Ama iliandikwa iishe Jumanne wakati nimelipia hadi Ijumaa, ama kadi mpya ya mgeni mpya ilishaguswa mlangoni kwangu. Kitasa kikionyeshwa kadi ya mgeni mpya, ile ya zamani hukataliwa papo hapo. Kama ni hili la pili, nani aliigusisha mchana, na yule bwana bado yuko safarini? Vitu vyangu vilikuwa mle ndani. Kisha mkanipa nakala, tukawa wawili wenye haki ya mlango mmoja.

Sisemi mmedukuliwa. Najua mwaka 2024 watafiti walitangaza kasoro katika vitasa vya kadi vya chapa ya Saflok, vilivyofungwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 duniani, lakini hapa hapahitajiki mdukuzi. Kadi zote zilitoka kaunta yenu.

Ninachotaka ni hiki. Kitasa kinaweka kumbukumbu ya kadi zilizokifungua na saa zake, na fundi anaisoma kwa kifaa cha mkononi. Isomeni ya Jumanne kabla haijafutwa na funguo za wageni wanaofuata, kwa sababu nafasi yake ina kikomo, na mniletee kwa maandishi. Mnirudishie pia malipo ya usiku ule, nimeambatanisha risiti. Na lile komeo litengenezwe kabla hamjampa mtu mwingine chumba hicho.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14, la sivyo nitapeleka barua hii kwa wanaosimamia leseni za hoteli.

Wenu,
Mgeni wa chumba namba 214