Mnara wa Ras Kigomasha utunzwe pamoja na msitu wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme machache kuhusu mnara wa taa wa Ras Kigomasha, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba, uliojengwa na Waingereza kwa chuma ili kuongoza vyombo vinavyopita mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinazidi mita 800.

Chuma na chumvi ya bahari havipatani hata siku moja. Anayepanda ngazi zake nyembamba hushuka na unga wa kutu viganjani, na rangi ikipakwa bila kukwangua kwanza kutu ya chini, kazi hiyo ni ya kupiga picha tu. Naomba wahusika waweke ratiba ya kudumu ya matengenezo, na sehemu ya ada za wageni ibaki kwa shehia ya Makangale, ambayo wavuvi wake ndio walinzi wa kweli wa pwani hiyo.

Aidha, mnara usitenganishwe na msitu wa Ngezi, ambao barabara ya kutoka Konde hupita katikati yake. Msitu huu ni masalia ya misitu iliyofyekwa kupisha mikarafuu, nao una mpapindi, mti wa jamii ya minazi, na popo wakubwa wasiopatikana kwingine ila Pemba. Hoteli zinakaribishwa, lakini njia za kushukia fukwe za Vumawimbi na Verani zisizibwe kwa nyua, kwani wavuvi hupita huko usiku na mchana.

Msomaji wako,
Konde, Pemba