Kunguru tuwanyime chakula kwanza

Mhariri,

Tangu mwaka 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilipotangaza nia ya kuangamiza kunguru milioni moja hapa pwani, mazungumzo ya barazani Watamu yamekuwa ni sumu tu: itawekwa wapi, itadhuru kuku, paka je? Mimi sina ugomvi na sumu. Ninachopinga ni kuwaua ndege hawa kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwapakulia chakula.

Mwenye kufuga kuku hahitaji kuelezwa habari zao. Juzi nilikuwa nikipalilia bamia uani, kuku wangu akichakura na vifaranga vyake kando ya tuta. Wakatua kunguru wawili. Mmoja akamzunguka mama kwa nyuma akamvuta mkia. Kuku alipogeuka kumkabili, yule wa pili akanyakua kifaranga akapaa nacho hadi kwenye mwarobaini wa jirani. Jembe hata sijaliinua. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kina chanjo, lakini mdomo ule hauna.

Hasara ya kuku tunaihesabu kwa kuwa kuku ni pesa. Ya bustanini hakuna anayeihesabu. Chozi, yule ndege mdogo, alikuwa akining'iniza kijumba chake kwenye mndimu, karibu kabisa na dirisha, na shore wakiokota viwavi kwenye mchicha. Kunguru hula mayai yao na makinda yao, na mndimu wangu sasa hauna mpangaji. Viwavi wa sukuma wiki napambana nao mwenyewe kwa majivu na maji ya mwarobaini. Mapapai nayo, yakianza tu kugeuka rangi nayavika magunia, la sivyo nitakuta yametobolewa.

Wapo wanaosema tumwache, anatusafishia mji. Ndivyo walivyodhani waliomleta Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, ati ale taka. Kufikia mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Taka hazijaisha hadi leo, na ukimtazama akiwa kazini utajua sababu: hupasua mfuko, huchagua akipendacho, kinachobaki hukitawanya njia nzima, na kipande kimoja lazima kiangukie kwenye tangi la maji la mtu.

Nenda diko asubuhi wavuvi wakishusha samaki, au pita nyuma ya vibanda vya chakula jioni. Matumbo, magamba, ugali uliolala, wali wa ukoko, vyote viko wazi. Halafu kuna wageni wanaowarushia chipsi kwa sababu wanaona ni ndege wachangamfu (wachangamfu ni kweli). Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ya kuwapunguza kwa dawa ilifanyika hapahapa Watamu na Malindi, na walipungua sana. Dawa ilipoacha kutumika, wakarudi. Wangekuta njaa wasingejaa vile.

Na chakula chao ndicho mbolea yetu. Udongo wetu ni mchanga mtupu, maji yakimwagwa yanapotea, na bado tunanunua mbolea dukani. Matumbo ya samaki yafukie chini kabisa kwenye shimo la mgomba, paka asifikie, uone mkungu utakaotoka. Maganda na mabaki ya mboga yatie shimoni kwa tabaka, pamoja na majani makavu na samadi ya mbuzi, kisha ufunike kwa makuti yaliyokandamizwa kwa mawe. Kunguru ni mjanja. Makuti matupu atayafunua. Nyunyizia maji kiasi, geuza mara kwa mara, na baada ya miezi michache utapata mboji nyeusi isiyonuka.

Jambo jingine nawaomba vijana wanaorusha mawe na manati. Kunguru wetu wa asili, mkubwa mwenye kifua cheupe, hana kesi hii. Huyu mgeni ni mwembamba, shingo na kifua ni vya kijivu. Hata mtego ukitegwa, yule wa asili aliyenaswa kwa bahati mbaya aachiwe aende zake.

Mapipa tuliyonayo sokoni hayana vifuniko, na lori la taka huja linapojisikia. Naomba wanaohusika watuwekee mapipa yenye vifuniko vizito, diko na sokoni, kabla ya awamu yoyote ya dawa na si baada yake. Nao wenye mikahawa wasio na mashamba, wakusanye maganda kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtaani kwangu nitazipitia mimi mwenyewe alfajiri, kunguru hawajaamka, na ndoo nitazirudisha zimeoshwa.

Mkulima wa uani,
Watamu