Kabla hujanunua godoro jipya, muulize anayelala nawe

Mwezi Machi alirudi dukani mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma mjini, aliyenunua kwetu godoro la tano kwa sita, inchi nane, wiki chache kabla ya Krismasi. Alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa", akiwa bado mlangoni, akakaa, akavua kofia. "Mwanangu, lile godoro lako limenishinda. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Malalamiko ya namna hii tunayapokea, na yana utaratibu wake. Nikamuuliza kama limebonyea katikati. Halijabonyea. Mgongo unauma? Hapana. Kiuno, mabega, ganzi mikononi? Hapana, hapana. Ni uchovu tu. Kichwa kizito asubuhi, mdomo mkavu, na mchana akikaa mahali dakika tano usingizi unamchukua, hata kanisani, hata akiwa anaongea na mgeni.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha maonyesho. Akasema taratibu, bila kumwangalia mumewe: "Sio godoro, mama. Huyu usiku anakata pumzi." Kisha akatuonyesha. Alilegeza taya, akakoroma mara tatu nne, kila mkoromo mzito kuliko uliotangulia, halafu kimya. Akaweka kiganja kifuani akabaki hivyo, haingizi hewa wala haitoi. Kijana wetu wa mizigo aliacha kufunga kamba. Tulikaa tunamtazama yule mama mpaka tukaanza kupata hofu, ndipo akashtuka kwa mguno kama mtu aliyeibuka majini. "Hivyo," akasema. "Mpaka alfajiri. Mimi nakesha namhesabia."

Sikuwa na la kumjibu haraka, kwa sababu ile sauti naijua. Inatoka kitandani kwangu.

Mume wangu ndiye anayeleta mzigo wa duka kutoka Dar es Salaam. Mwaka jana, wakirudi, walipopita Gairo kuitafuta Kibaigwa, alisinzia kwenye usukani. Aliyemwamsha ni utingo kwa kelele, matairi ya kushoto yakiwa tayari kwenye changarawe. Hawakugonga kitu. Alipofika nyumbani alinieleza kama jambo dogo, uchovu wa safari. Nami nililipokea hivyo hivyo, kwa sababu kwa muda mrefu tulikuwa na maelezo ya kila kitu. Akisinzia mchana, ni joto la Dodoma. Akikoroma, ni vumbi limeziba pua. Akiamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, ni umri. Akiwa mkali kwa watoto bila sababu, ni mawazo ya biashara. Nilimtandikia godoro ghali kuliko yote dukani. Alilala juu yake na uchovu wake ule ule.

Baada ya ziara ya yule mzee niliweka simu kwenye stuli pembeni ya kitanda, nikawasha kurekodi sauti. Asubuhi tuliketi wawili tukasikiliza. Mbwa wa jirani wanabweka, mume wangu anakoroma, mbwa wanabweka, mume wangu kimya. Nikaangalia namba zinazotembea kwenye kioo cha simu: sekunde 10, 15, 20, 24. Kisha ule mguno. Alisikiliza vipande vitatu akaniambia nizime. Hakuwa amewahi kuniamini nilipomwambia anakoroma, sembuse hili. Na si kosa lake, maana mwenye tatizo hili ndiye mtu pekee ndani ya chumba asiyelisikia.

Daktari aliposikiliza ile sauti na kumpima, alisema anashuku ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Kipimo chenyewe cha usingizi bado hajafanya. Kwa hiyo ninapoandika haya bado tunaishi na neno "huenda", na nimeona niwaeleze wateja wetu kile tulichojifunza, kwa sababu ninyi ndio mnaokuja hapa mkiwa mmechoka mkidhani dawa ni sponji.

Ukilala, misuli mingi ya mwili hulegea, pamoja na ile inayoshikilia koo na ulimi. Kwa watu wengi njia ya hewa hubaki wazi vya kutosha. Kwa wengine huwa nyembamba, hewa ikipita kwa shida nyama laini za kooni hutikisika, na huko ndiko kukoroma. Kwa mwenye ugonjwa huu njia hufunga kabisa au karibu kabisa. Kifua kinaendelea kuhangaika kuvuta, hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapata taarifa ya hatari, unamzindua mtu kwa nukta chache tu, koo linafunguka, anaguna, anavuta hewa na kurudi usingizini bila kukumbuka chochote. Halafu linajirudia. Mtu huyu hata akilala kwa muda wa saa nane kamili, hajalala. Ameamshwa usiku kucha na mwili wake mwenyewe ukijiokoa.

Madaktari huhesabu kila pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 kwa saa kwa mtu mzima haisumbui. Kuanzia 5 hadi 14 ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 ni wa kati, na 30 kwenda juu ni mkali. Mara 30 kwa saa ni mara moja kila dakika mbili. Fikiria mtu akikutikisa bega kila baada ya dakika mbili tangu saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kisha asubuhi akuulize mbona umechoka.

Kila pumzi inapokatika presha hupanda na moyo hupata shuruba. Ndiyo maana ugonjwa huu ukiachwa huandamana na presha isiyoshuka hata kwa dawa, kiharusi, na matatizo ya moyo. Kisukari nacho huwa karibu yake. Na kuna ajali, ambazo kwa barabara zetu hizi ndefu zilizonyooka, kutoka Bahi kwenda Manyoni kwa mfano, hazihitaji maelezo.

Hapa kwetu kuna jambo linalochelewesha watu sana. Mtu akishtuka usiku anatafuta hewa, moyo unamwenda mbio, husema amekabwa na jinamizi. Wengine huambiwa wamerogwa. Mama mmoja alinisimulia kuwa familia ilizunguka kwa waombaji karibu mwaka mzima kwa ajili ya kaka yao. Sina neno baya juu ya maombi, mimi mwenyewe naomba. Ninachosihi ni kwamba siku hiyo hiyo mkiwa njiani mpite na hospitali.

Tatizo hili huwapata zaidi wanaume, watu wanene na wenye umri uliosogea, lakini usiitumie sentensi hiyo kujitoa. Wembamba wanaupata, kutegemea taya na koo walivyoumbwa. Wanawake wanaupata, hasa baada ya kukoma hedhi, na wengi wao hawaji wakilalamika kukoroma. Huja wakisema hawapati usingizi vizuri, au wanaumwa kichwa asubuhi, au wamechoka tu, na huambiwa ni mawazo. Watoto pia, mara nyingi kwa sababu ya mafindofindo makubwa. Mtoto anayekoroma kila usiku mdomo wazi apelekwe akaonwe.

Unaweza kujipima kidogo nyumbani. Azima futi ya fundi cherehani uzungushe shingoni. Zaidi ya sentimita 40 ni moja ya alama za hatari, na mwanaume anayevaa shati la kola namba 16 yuko hapo hapo. Jiulize kama una presha, kama una miaka zaidi ya 50, kama unakoroma kiasi cha kusikika mlango ukiwa umefungwa, kama kuna aliyekuona umeacha kupumua. Kusinzia nako kuna dodoso lake maarufu, lililotungwa na daktari Murray Johns huko Australia mwaka 1991. Lina hali nane, kama kukaa ukisoma, kutazama televisheni, kukaa kimya baada ya chakula cha mchana, au kuwa abiria kwenye gari kwa saa nzima. Kila moja unajipa 0 hadi 3 kwa jinsi unavyoweza kusinzia. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, muone daktari. Mume wangu alipata 17. Alitaka kujipa 12, tukabishana swali kwa swali.

Uchovu una milango mingi, na daktari mzuri ataigonga yote. Upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, sonona, ujauzito, hedhi nzito, au kulala saa tano wakati mwili wa mtu mzima unataka saba na zaidi. Kwa hiyo usishangae ukienda kwa habari ya kukoroma wakaanza na kukutoa damu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, nenda na ile sauti kwenye simu, na ikiwezekana nenda na anayelala nawe, kwa kuwa ndiye shahidi. Ukipewa rufaa, hapa mjini tuna hospitali ya mkoa, ile tunayoiita General, na tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma. Ulizia daktari wa masikio, pua na koo.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unalala umefungwa vifaa: mkanda kifuani, kibomba kidogo puani, na kile kidude cha kubana kidole tulichokizoea wakati wa Korona, na kikiwa kipimo kamili huongezwa nyaya kichwani. Ugonjwa ukithibitika na ukiwa wa kati au mkali, tiba inayotumika zaidi ni mashine inayosukuma hewa kwa barakoa usiku kucha ili koo lisifunge, wanaiita CPAP. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1981. Haiondoi ugonjwa, inauzuia kila usiku unapoivaa. Inahitaji umeme, kwa hiyo mwenye kukatikiwa umeme mara kwa mara apange mapema habari ya betri. Wapo wanaosaidiwa na kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya mbele, wapo wanaofanyiwa upasuaji, na kwa mwenye uzito mkubwa kupungua husaidia sana.

Sisi tunaosubiri hatujakaa bure. Mume wangu haendeshi usiku tena, na safari ndefu anakwenda na dereva wa pili. Hilo lilimuuma kuliko yote, na ndilo sikukubali tulijadili. Bia ya jioni ameiacha, kwani pombe hulegeza koo zaidi. Dawa za usingizi, zile diazepamu ambazo watu wanajinunulia tu, hatuzigusi, zina madhara hayo hayo. Analala kwa ubavu, kwani chali ulimi hurudi nyuma. Nilimshonea mpira mdogo ndani ya soksi mgongoni mwa fulana ya kulalia, akigeuka chali unamsumbua anarudi ubavuni. Wiki ya kwanza alilalamika. Sasa kuna usiku nashtuka mimi kwa sababu ya utulivu, namuwekea mkono mgongoni nasikia unapanda na kushuka.

Sasa niseme godoro linafanya nini, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Godoro zuri linaweza kupunguza maumivu ya mgongo na nyonga yanayoisha ukishaamka na kutembea. Linakuondoa kwenye shimo la godoro lililochoka. Kwa mnaolala wawili, linazuia mmoja kumwamsha mwenzake anapogeuka. Mto wenye kimo sahihi unaweka shingo sawa kwa anayelala ubavu, na mito miwili mirefu chini ya kichwa, kama wengi mnavyopenda, inakunja shingo na kubana koo. Hakuna godoro, liwe la spring au la sponji ngumu, linalozuia pumzi kukatika. Muuzaji akikuambia analo, mwache nalo.

Tangu Machi tumebadili namna ya kuuza. Mteja akitutajia uchovu badala ya maumivu, hatumpeleki kwenye magodoro kwanza. Tunampa kiti na kumuuliza kuhusu usiku wake, na kama amekuja na mwenzake tunamuuliza mwenzake. Futi ya cherehani ipo kaunta. Majibu yakitutia wasiwasi tunamwomba aende akaonwe kabla ya kutoa fedha. Kama alishaweka kianzio, kinabaki kwenye daftari letu na bei aliyopewa haipandi kwa miezi mitatu, na akiamua fedha yake aipeleke kwenye vipimo tunamrudishia yote.

Yule mzee wa Kikuyu godoro lake hatukulibadilisha. Tulimpa mto mmoja wa kulalia ubavu, na kijana wetu akampeleka yeye na mkewe General asubuhi yake kwa gari la duka, mkewe akiwa ameshika simu yenye sauti ya mumewe aliyoirekodi usiku ule.