Mawe ya nyongo: nani asubiri, nani apasuliwe

Mheshimiwa Mhariri,

Hapa Bukavu karatasi ya ekografi (kipimo cha picha ya tumbo, ultrasound) ikiandikwa "mawe kwenye mfuko wa nyongo", familia huanza siku hiyohiyo kutafuta dola za upasuaji, hata kwa kuuza shamba. Si kila mgonjwa anayehitaji haraka hiyo. Mawe yasiyouma huachwa yalivyo. Yanayouma kwa vipindi, bila homa wala macho ya manjano, yanaweza kusubiriwa.

Uingereza walilipima jambo hili kwa watu wazima 434, matokeo yakatoka 2023. Nusu walipangiwa kutolewa mfuko kwa matundu madogo, nusu wakapewa dawa za maumivu na ushauri wa chakula. Baada ya miezi 18 maumivu ya makundi hayo hayakutofautiana, na kati ya waliosubiri ni robo tu waliopasuliwa. Tusishangilie upesi: hata katika kundi la upasuaji, theluthi walikuwa bado hawajapasuliwa, na mawe hukaa mwilini miaka mingi.

Kusubiri kuna kazi yake. Maumivu ya nyongo hushika chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, hupanda begani, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta, kisha huachia ndani ya saa chache. Sombe (kisamvu) inayoelea mawese na sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) za kukaanga usiku ndizo za kupunguza kwanza. Usijinyime chakula ukonde ghafla, maana huko ndiko kuzalisha mawe mapya. Diklofenaki hutuliza, ila si kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye figo dhaifu. Na ekografi ifanywe hujala kwa saa 6 hadi 8: ukishiba mfuko hujikunja, mawe yanajificha, unarudi nyumbani na dawa za "gastriti" (uvimbe wa tumbo la chakula).

Maumivu yakipita saa 6, ukapata homa na kutetemeka, macho ya manjano au mkojo kama chai nzito, hospitali usiku uleule. Mwenye selimundu, macho yake huweza kuwa manjano siku zote. Kwake tazama zaidi homa na maumivu.

Mgonjwa wa Uingereza akizidiwa usiku huita gari la wagonjwa. Wa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, hungoja mashua mpaka asubuhi. Huyo, maumivu yakimrudia, ni afadhali apasuliwe mapema akiwa na nguvu, kwa mpasuaji mzoefu, kwani mrija mkuu wa nyongo ukikatwa kwa bahati mbaya, kuutengeneza ni kugumu kuliko kuutoa mfuko wenyewe. Tunawaomba madaktari wenzetu wamuulize mgonjwa anaishi wapi kabla ya kumwambia asubiri.

Wahudumu wa upasuaji, Bukavu