Taa Iliyozimika Si Vali Iliyofungwa: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaosomea Uendeshaji wa Vinu vya Nyuklia

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa mzee niliyestaafu kazi ya mitambo ya mvuke, na ninalotaka kuwausia ni jambo moja: vali ya kupunguza shinikizo ikikwama wazi haijitangazi, na atakayeigundua ni yule anayesoma vipimo kadhaa kwa pamoja huku akijiuliza maji yanakwenda wapi.

Isomeni vizuri ajali ya Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Alfajiri ya Machi 28, 1979, pampu zinazopeleka maji kwenye majenereta ya mvuke ya kinu cha pili zilisimama, joto likakosa pa kwenda, shinikizo likapanda, na vali iliyo juu ya tangi la kudhibiti shinikizo ikafunguka kama ilivyosanifiwa. Sekunde chache baadaye kinu kilijizima. Shinikizo liliposhuka, umeme unaoishikilia vali ukakatwa ili ijifunge, lakini ikabaki wazi. Taa yake kwenye paneli ikazimika, na waendeshaji wakaamini kwamba vali imefungwa, ilhali taa hiyo ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa.

Dalili za kweli zilikuwapo. Bomba linalotoka kwenye vali lilikuwa na joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, ila kwa kuwa mfumo ule ulikuwa ukivuja tangu kabla ya siku hiyo, watu walikwisha kuzoea kuliona bomba likiwa la moto. Nanyi msije mkasubiri kipimajoto cha hapo kionyeshe nyuzi 340 kama ndani ya tangi. Mvuke unapotoka kwenye shinikizo kubwa na kuingia kwenye dogo, joto lake hushuka hadi kiwango cha kuchemkia cha shinikizo hilo dogo, kwa hiyo nyuzi 140 zaweza kabisa kuwa ushahidi wa vali iliyo wazi. Tangi linalopokea mvuke huo nalo lilijaa, na baada ya dakika 15 hivi kisahani chake cha usalama kikapasuka, maji yakamwagika ndani ya jengo la kinu. Lakini vipimo vya tangi hilo viliwekwa nyuma ya paneli kuu, mahali ambapo mtu aliyezingirwa na kengele zaidi ya mia moja hakuweza kuviona bila kuondoka alipo.

Kilichowapoteza kuliko vyote ni kimo cha maji katika tangi la kudhibiti shinikizo. Kilikuwa kikipanda huku shinikizo likishuka. Mafunzo yao yalikuwa yamewatia hofu ya kuacha tangi hilo lijae pomoni, kwa hiyo walipunguza maji ya dharura ambayo pampu zilikuwa zimeanza kuyaingiza zenyewe. Tundu likiwa juu ya tangi, maji yaliyo chini huvutwa kuelekea huko, na mvuke unaozuka ndani ya kinu huyasukuma zaidi, hivyo kimo hupanda kama maziwa yanayochemka kwenye sufuria ingawa hakuna aliyeyaongeza. Mkiona kimo na shinikizo vikienda njia mbili tofauti namna hiyo, shukuni tundu la juu kabla ya kushuku kipimo, kisha linganisheni joto la maji na shinikizo lake katika jedwali la mvuke, lile linaloonyesha maji huchemka kwa joto gani katika kila shinikizo. Kama maji yamefikia kiwango cha kuchemka, kimo kile hakiwaelezi chochote kuhusu maji yaliyobaki juu ya fueli.

Mtetemo wa pampu kuu, zile zinazozungusha maji ndani ya kinu, ulikuwa dalili nyingine, kwa sababu zilikuwa zikisukuma maji yaliyochanganyika na mvuke. Walizizima, mbili kwanza, kisha mbili zilizosalia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo hili halikuwa jipya. Septemba 24, 1977, vali ya namna hiyo ilikwama wazi katika kinu cha Davis-Besse, Ohio, kimo kikapanda vivyo hivyo, na waendeshaji wakaigundua baada ya dakika 20 hivi, kinu kikiwa kinaendeshwa kwa asilimia 9 tu ya nguvu zake. Wahandisi wa kampuni iliyounda vinu hivyo viwili waliandika maonyo ndani ya kampuni yao, lakini maonyo hayo hayakuwafikia watu wa zamu wa Three Mile Island.

Huko, vali ya kufungia iliyo kwenye bomba moja na vali iliyokwama ilifungwa saa 12:22 asubuhi, zaidi ya saa mbili tangu mkasa uanze, na karibu nusu ya kiini cha kinu, yaani sehemu yenye fueli, iliyeyuka. Ninyi mkiwa na shaka, ifungeni mapema. Kama vali ya kwanza ilikuwa imefungwa kweli, hamjapoteza kitu, maana vali nyingine za usalama bado zinalinda mfumo. Aliyeamua ifungwe asubuhi ile alikuwa msimamizi wa zamu aliyewasili baadaye, akavitazama vipimo upya. Basi na ninyi, mwenzenu akiingia zamu katikati ya tatizo, mwacheni kwanza asome paneli kwa macho yake mwenyewe, kabla hamjamweleza mnachoamini.