Jicho lililopasuliwa lisipimwe kwa kutazamwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi waajiri, na jamaa pia, wasipime kupona kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kulitazama jicho lake. Wekundu na uvimbe hupungua mapema, mgonjwa akaonekana mzima, ilhali ndani retina ingali inashikana na ukuta wa nyuma wa jicho.

Wagonjwa wengi huwekewa kiputo cha gesi cha kuibana retina mahali pake. Kutegemea aina ya gesi, kiputo hicho hukaa takriban wiki 2 hadi 8, kikinywea polepole huku majimaji ya jicho yakijaza nafasi yake. Mwanzoni mgonjwa huona ukungu mtupu. Baadaye hutokea mstari unaochezacheza kila anapotikisa kichwa, nao hushuka siku hadi siku. Maadamu kiputo kipo, haruhusiwi kupanda ndege wala milima mirefu, kwa kuwa shinikizo la hewa likipungua gesi hutanuka na inaweza kulipofusha jicho. Akihitaji upasuaji mwingine wowote, ni lazima mtaalamu wa nusukaputi aarifiwe, maana gesi ya naitrasi oksaidi, inayotumika katika nusukaputi, nayo hukitanua kiputo. Mwajiri anayemtuma mfanyakazi wa namna hii safari ya ndege humhatarisha bila kujua.

Agizo la kulala kifudifudi, ambalo si kila mgonjwa hupewa, hudhaniwa na wengine kuwa kisingizio cha kukwepa kazi. Gesi huelea juu, hivyo kichwa huinamishwa ili iguse hasa mahali retina ilipotoboka. Kwa upande mwingine, kumkataza mgonjwa kusoma au kutazama televisheni ni ukali usio na faida, kwani hayo hayaichani retina. Kinachosubiri idhini ya daktari ni kubeba mizigo mizito, kuogelea na kuendesha gari. Hata ngazi na kumimina chai humsumbua mtu anayetegemea jicho moja kukadiria umbali. Miwani mipya nayo husubiri miezi kadhaa hadi jicho litulie, na huenda mtoto wa jicho akajitokeza baadaye.

Kwa hiyo naziomba hospitali ziandike katika cheti cha mapumziko aina ya gesi iliyotumika, muda inaotarajiwa kukaa, na dalili za kumrudisha mgonjwa siku hiyohiyo: maumivu yanayozidi, mimweko mipya ya mwanga, au kivuli kama pazia.

Wako,
Msomaji